Kwa nini mchoro wa nasaba ya data unapendeza ukiwa na nodi 15 na haufai kitu ukifika nodi 300?

#1 MfuatiliaMkondo

Wakuu salaam. Naleta mada ya violesura vya nasaba ya data: ile skrini inayomwonyesha mtu kuwa namba iliyo kwenye dashibodi imechotwa jedwali lipi, imepita kazi gani za uchakataji, na ni nani wengine wanaochota hapo hapo.

DataHub, OpenMetadata, Marquez, Apache Atlas, hadi nyaraka za dbt, zote zinachora kitu kinachofanana: visanduku (ndizo nodi) na mishale, chanzo kushoto, ripoti kulia. Vikiwa visanduku 15 mchoro unasomeka vizuri sana. Vikifika 300, watu wanaufungua mara moja, wanaufunga, kisha wanarudi kuulizana kwa ujumbe "hili jedwali linatoka wapi?"

Dai langu: tatizo ni mpangilio wa grafu. Pigeni hesabu. Kisanduku kina upana wa pikseli 220, nafasi kati ya ngazi na ngazi ni 80. Mkondo wa ngazi 12 unahitaji pikseli 3,520. Eneo la kuchorea kwenye skrini ya kawaida ni kama 1,400, kwa hiyo ili vyote vienee lazima upunguze hadi asilimia 40, na maandishi ya pikseli 13 yanabaki 5. Hapo hakuna anayesoma. Bado hujaweka mishale inayokatana. Helen Purchase alilinganisha vigezo kadhaa vya uchoraji wa grafu mwaka 1997, na kukatana kwa mistari ndiko kulikovuruga uelewa kuliko vyote. Tukipata kanuni bora ya kupanga, tumemaliza. Nani anapinga, na kwa nini?

#2 Ngazi_kwa_Ngazi

"Tukipata kanuni bora" ni kana kwamba ipo imefichwa mahali. Karibu zana zote hizo zinatumia ukoo mmoja, ule wa Sugiyama wa mwaka 1993: vunja mizunguko, gawa nodi kwenye ngazi, punguza kukatana, halafu toa viwianishi, yaani mahali pa kila nodi kwenye skrini. Hatua ya tatu ni NP-ngumu (hakuna njia ya haraka inayojulikana ya kupata jibu bora kabisa) hata kwa ngazi mbili tu huku moja imefungwa isisogee. Ndiyo maana kila maktaba inakadiria: inapita mbele na nyuma mara kadhaa, inapanga nodi kwa wastani au kwa nafasi ya kati ya majirani zake, ikiona hakuna nafuu inaacha.

Kingine ni mishale inayoruka ngazi. Mshale wa kutoka ngazi ya 1 hadi ya 9 unawekewa nodi bandia 7, moja kwa kila ngazi iliyo katikati. Grafu unayoiona ina nodi 300, ndani ya kanuni inaweza kuwa na elfu kadhaa. Hapo ndipo kivinjari kinapoganda. Kazi hiyo ihamishie kwenye Web Worker (uzi wa pembeni wa kivinjari), maktaba ya kupanga grafu ya elkjs inakuruhusu moja kwa moja, ili skrini iendelee kuitikia mtumiaji wakati mpangilio unapigwa.

#3 MhakikiTarehe

Sahihisho: Sugiyama, Tagawa na Toda ni 1981. Ya 1993 ni ya Gansner, Koutsofios, North na Vo, ndiyo iliyo nyuma ya `dot` ya Graphviz, na hao ndio waliogawa ngazi kwa mbinu ya simpleksi ya mtandao.

Hili si suala la tarehe tu. Ukigawa ngazi kwa kipimo cha njia ndefu kuanzia vyanzo, kila jedwali lisilo na chanzo linasukumwa kushoto kabisa, hata kama msomaji wake pekee yuko ngazi ya 9. Jedwali dogo la sarafu linatupwa mwanzoni na mshale wake unapasua mchoro mzima. Simpleksi ya mtandao inapunguza jumla ya urefu wa mishale, kwa hiyo jedwali hilo linakaa jirani na anayelisoma. Kwa mchoro wa nasaba, badiliko hilo la mpangilio mmoja linafuta mishale mirefu mingi kuliko kuongeza mapito ya kupunguza kukatana.

#4 Ngazi_kwa_Ngazi

1981, sawa. Nakazia hoja ya jedwali la sarafu.

#5 BintiSafuwima

Mnapanga vizuri kitu ambacho hakikuulizwa. Mtu anayetilia shaka namba haulizi "jedwali la ripoti linatoka wapi". Anauliza "safuwima ya `mapato_halisi` inatoka wapi". Jedwali linaweza kuwa na vyanzo 14, na safuwima hiyo moja ikawa na vyanzo 2. Mkimwonyesha vyote 14 mmemlundikia 12 visivyomhusu, na hakuna mpangilio utakaookoa hapo.

Kipimo kiwe safuwima. Grafu ya nodi 300 ukiifuata kwa safuwima moja mara nyingi inashuka hadi nodi chache zinazoenea kwenye skrini.

#6 Kisanduku_Kirefu

Dada BintiSafuwima, kwa uchambuzi uko sahihi, kwa mchoro unazidisha balaa. Kichwa cha kisanduku pikseli 32, kila safuwima mstari wa 24. Jedwali la safuwima 120 linakuwa na mistari ya pikseli 2,880, karibu skrini tatu za urefu wa 1,080. Na huo ni uzito wa kivinjari pia: majedwali 300, kila moja safuwima 20, kila mstari una maandishi, ikoni na mandharinyuma, tayari ni vipengele 18,000 vya SVG (michoro ya mistari ndani ya kivinjari) kabla hujachora mshale hata mmoja. SVG inaanza kukwama ikifika elfu chache.

Kinachofaa:

Kisanduku kikiwa kimefungwa, onyesha jina na idadi ya safuwima tu. Mtumiaji akichagua safuwima, kwenye majedwali mengine yote onyesha zile zilizo kwenye njia yake peke yake, na chini uandike "nyingine 114". Akibofya hapo, kisanduku chenyewe kinavingirika ndani kikiwa na mistari 10, hakirefuki hadi sakafuni. Ukuzaji ukishuka chini ya asilimia 50, futa mistari ya safuwima kabisa ubaki na jina. Kilicho nje ya eneo linaloonekana kisichorwe.

Jambo la maktaba: dagre, maktaba nyingine ya kupanga grafu, haijui vituo vya mishale pembeni mwa kisanduku. Inadhani mshale unaishia katikati ya nodi. Ukiiunganisha kwa safuwima, inapunguza kukatana kwa picha ambayo siyo utakayochora. ELK (ndiyo iliyo ndani ya elkjs) ina vituo, na unaweza kuiambia mpangilio wao umefungwa (`FIXED_ORDER`), hapo inapanga nodi ikizingatia mshale unatua mstari wa ngapi.

#7 MsomaHoja

Mmeruka swali la mshale wa safuwima unamaanisha nini. Chukua hoja hii ya SQL:

`SELECT mteja, SUM(kiasi) AS jumla FROM oda WHERE hali = 'imelipwa' GROUP BY mteja`

`kiasi` inaingia kwenye `jumla` moja kwa moja. `hali` haionekani popote kwenye matokeo, lakini ukibadilisha maana ya 'imelipwa', kila namba inabadilika. Je, unachora mshale kutoka `hali` kwenda `jumla`? Ukichora, hoja yenye safuwima 3 za kuchuja na matokeo 60 inakupa mishale 180, yote ikisema jambo lile lile. Usipochora, mtu anafuta `hali` akidhani haina mtumiaji.

OpenLineage, kiwango huria cha kurekodi nasaba ya data, imeligawa vizuri: uhusiano ni `DIRECT` (nakala tupu, mageuzi, au ujumlishaji) au `INDIRECT` (kuunganisha, kuchuja, kupanga makundi, kupanga mfuatano, dirisha, sharti). Na faseti (kifungu cha maelezo) ya safuwima ina sehemu ya `dataset` kwa yale yanayogusa jedwali zima, usirudie kila safuwima. Kiolesura kifuate hivyo hivyo: wa moja kwa moja uchorwe kutoka mstari hadi mstari, usio wa moja kwa moja utue kwenye kichwa cha jedwali, mstari wa vipande, umezimwa hadi uwashwe. Mishale 180 inakuwa 3.

Ila anayetafuta athari ya badiliko lazima aikute imewashwa tayari. Kuizima kwake ni kumdanganya.

#8 MatriksiKwanza

Mbona hakuna anayetaja matriksi? Ghoniem, Fekete na Castagliola walilinganisha mwaka 2004: grafu ikizidi nodi 20, matriksi inaishinda michoro ya visanduku na mishale. Safumlalo vyanzo, safuwima wasomaji, seli imejazwa palipo na uhusiano. Hakuna kukatana kwa mistari kwa sababu hakuna mistari. Mada imefungwa.

#9 MhakikiTarehe

Usifunge bado mkuu. Utafiti huo huo unasema matriksi ilishinda kwenye kazi nyingi isipokuwa moja: kutafuta njia kutoka nodi moja hadi nyingine. Hapo visanduku na mishale vilibaki mbele. Nasaba ya data kimsingi ni kutafuta njia.

#10 MatriksiKwanza

Ni kweli kwa njia ya hatua 5. Ila maswali ya hatua moja ni mengi pia: "majedwali haya 40 ya ghafi yanasomwa na idara zipi?" Hapo matriksi iliyokusanywa kwa kundi, yenye idadi ndani ya seli, inajibu kwa jicho moja. Ninaing'ang'ania kama mtazamo wa pili.

#11 OrodhaTu

Nitawaudhi wote wawili. Mtazamo wa kwanza uwe orodha. Si mchoro, si matriksi.

Wanaofungua skrini hii wana maswali manne. Namba imekosewa, imetoka wapi: mkondo wa juu. Nataka kubadilisha safuwima, nitavunja nini: mkondo wa chini. Mkaguzi anataka uthibitisho wa njia, kwa mfano benki zilizo chini ya kanuni za Basel za mwaka 2013 za ujumlishaji wa data ya hatari, BCBS 239. Na la nne, jedwali hili lina mtumiaji yeyote au nilifute?

La pili na la nne hayahitaji hata kisanduku kimoja. Yanahitaji jedwali lenye: jina la kinachoathirika, aina (jedwali, dashibodi, modeli), umbali kwa hatua, mmiliki, mara ya mwisho kusomwa, na aina ya uhusiano aliousema MsomaHoja. Panga kwa mmiliki, kwa sababu kitendo kinachofuata ni kumwandikia mmiliki. Weka kitufe cha kunakili kama CSV. Mchoro uwe kichupo cha pembeni.

#12 MfuatiliaMkondo

Mkuu OrodhaTu, orodha inapoteza umbo. Mambo 60 yaliyoathirika yanaweza yote kuwa nyuma ya jedwali moja la kati. Ukilirekebisha hilo moja umemaliza. Kwenye orodha hulioni, kwenye mchoro linakaa pale katikati wazi.

#13 OrodhaTu

Ongeza safuwima ya "kupitia". Umbo limerudi.

#14 MfuatiliaMkondo

Kupitia lipi, kama njia ni tano?

#15 Makutano

Hilo la njia tano lina jibu la kihesabu, msigombane. Kutoka A hadi B usiorodheshe njia, zinaweza kuwa mamilioni. Chukua vizazi vyote vya A, chukua mababu wote wa B, tafuta makutano ya seti hizo mbili, kisha ongeza A na B wenyewe. Hizo ndizo nodi zote zilizo kwenye njia yoyote kati yao, bila kuzidi wala kupungua. Ni mipitio miwili tu ya grafu. Zilizobaki zififishe hadi uwazi wa asilimia 15 hivi, usizifute, mtu asipotee.

Nodi ambayo ukiiondoa hakuna njia inayobaki ndiyo ya kuandika kwenye "kupitia". Isipokuwepo, andika idadi.

#16 ShimoLaData

Mpangilio, safuwima, orodha: vyote vinachukulia kwamba grafu ni ya kweli. Ninavyoona, watu wanaacha skrini hii kwa sababu waliikuta imekosea mara moja.

Nodi isiyo na mshale wa kuingia ina maana tatu zinazopingana. Moja, ni chanzo halisi, data inaanzia hapa. Mbili, hatujaunganisha mfumo ulio nyuma yake. Tatu, kichanganuzi cha SQL kimeshindwa, labda kwa sababu ya SQL inayotungwa wakati wa kuendeshwa, jedwali la muda, au `SELECT *` iliyosomwa bila kujua safuwima za jedwali. Zana nyingi zinachora zote tatu kwa kisanduku kile kile. Mtu anaona ncha, anahitimisha ni chanzo, anafuta kitu.

Alama tatu tofauti, tena kwa umbo si kwa rangi tu: ukingo mzito kwa chanzo kilichothibitishwa, mshale mfupi wa vipande unaoishia hewani kwa kisichounganishwa, alama ya onyo yenye idadi kwa kilichoshindikana, mfano "kauli 3 kati ya 11 hazikusomeka", ukibofya unaziona. Na kila mshale ukielekezewa kipanya useme umejulikanaje: umesomwa kwenye msimbo, umeonekana kazi ikiendeshwa, au umeandikwa na mtu kwa mkono.

Kuna aina ya nne: kilichofichwa kwa sababu huna ruhusa. Kisanduku kisicho na jina kinatunza umbo la njia. Ila hata kuwepo kwake kunaweza kufichua jambo, kwa hiyo uamuzi uachiwe mwenye data.

#17 MsomaHoja

ShimoLaData umenena. Naongeza: tofauti ya "kwenye msimbo" na "ikiendeshwa" inaleta grafu mbili. Msimbo una tawi la `IF` ambalo halijawahi kuingiwa. Linaonekana kwenye uchanganuzi, halionekani kwenye matukio. Zote mbili ni sahihi kwa swali lake. Anayebadilisha safuwima anataka ya msimbo, anayechunguza namba ya jana anataka ya jana.

#18 Saa_ya_Mshale

Ya jana, ndiyo. Grafu bila tarehe ni muhtasari wa mambo ambayo huenda hayakuwahi kuwepo kwa wakati mmoja. Katika OpenLineage kila tukio lina kazi, uendeshaji wake na seti za data zilizoingia na kutoka, pamoja na hali kama `START`, `COMPLETE`, `FAIL`. Kwa hiyo malighafi ya wakati ipo, kiolesura ndicho kinachoitupa.

Hatari ni kwenye kufuta mishale iliyozeeka. Ukiweka kikomo cha siku 30 kwa wote, kazi inayoendeshwa kila robo mwaka inapotea miezi miwili kati ya mitatu, na mtu anaambiwa jedwali lake halina msomaji. Kikomo kifuate mzunguko wa kazi yenyewe: mshale uchakae ukikosa mizunguko mitatu. Na usiufute, ufifishe na uandike "ulionekana mwisho" na tarehe.

#19 NodiMwanana

Swali la mwanagenzi: nasaba si siku zote ni grafu isiyo na mzunguko? Kwa nini hatua ya kwanza ya Sugiyama ni kuvunja mizunguko?

#20 Kisanduku_Kirefu

Hapana, na hapa wengi hujikwaa. Jedwali linalojazwa kwa nyongeza hujisoma lenyewe kujua liliishia wapi, hivyo lina mshale unaojirudia. Huo uchore kama alama ndogo kwenye kona ya kisanduku, usiupeleke kwenye mpangilio.

Mbaya zaidi ni unapokunja makundi. Mauzo.x inalisha fedha.y, fedha.y inalisha mauzo.z. Kwa majedwali hakuna mzunguko. Ukikunja kuwa kundi "mauzo" na kundi "fedha", una mshale kwenda na mshale kurudi. Kanuni inageuza mmoja ili iendelee, na mtumiaji anaona mshale unaorudi nyuma, anadhani ni hitilafu. Ama chora mshale mmoja wenye vichwa viwili na idadi kila upande, ama kundi hilo ligawe mara mbili kwa ngazi ("mauzo, ghafi" na "mauzo, ripoti").

#21 PunguzaMistari

Hakuna aliyetaja upunguzaji wa mpito. Kama A inalisha B, B inalisha C, na A inalisha C pia, ficha A hadi C, kwa sababu njia inaonekana tayari. Kwa grafu isiyo na mzunguko matokeo ni moja tu, hakuna utata, na mishale inapungua sana.

#22 ShimoLaData

Napinga kwa nguvu zote. Mshale wa A hadi C si wa kurahisisha, unasema C inasoma A yenyewe bila kupitia B. B ikirekebishwa, C bado ina kosa la A. Ukiuficha, mtu anarekebisha B, anatangaza kazi imekwisha, na ripoti inaendelea kupotosha. Upunguzaji wa mpito unafaa kwenye ratiba ya kazi, ambako swali ni nani amtangulie nani. Kwenye data unafuta ukweli.

#23 PunguzaMistari

Basi kwenye mtazamo wa makundi yaliyokunjwa, ambako hakuna anayerekebisha chochote?

#24 ShimoLaData

Hapo na kwa maandishi yanayosema "mishale 41 imefichwa". Bila maandishi hayo, hapana.

#25 Kitovu

Mnahangaika na mishale 41 wakati jedwali moja la kalenda linasomwa na majedwali 400. Hilo peke yake ndilo linalogeuza mchoro kuwa utando wa buibui. Njia mbili: lifiche kwa kawaida na uwe na swichi, au lirudie, yaani badala ya nodi moja yenye mishale 400, kila msomaji anawekewa kipande kidogo pembeni chenye jina "kalenda". Ya pili mimi naipenda zaidi kwa sababu haifichi kitu na haina mistari mirefu. Kasoro yake: mtu anaweza kudhani ni majedwali 400 tofauti, kwa hiyo ukielekeza kipanya kwenye kimoja, vyote viwake.

#26 Ngazi_kwa_Ngazi

Kuzikusanya njia za mistari kuwa fungu moja je? Danny Holten alionyesha 2006, picha inatulia sana.

#27 Kitovu

Inatulia kwa macho. Mistari ikishaingia kwenye fungu hujui upi umetokea wapi. Kwa nasaba ni kasoro kubwa mno.

#28 SevaNyuma

Nyie wa mbele mnasahau kuwa sehemu ya ucheleweshaji iko kwenye hoja ya kuleta grafu. Kosa la kawaida: hoja ya SQL ya kujirudia yenye `UNION ALL`, ambayo haiondoi marudio. Kwenye umbo la almasi, A inalisha B na C, zote zinalisha D, basi D inafikiwa mara mbili. Almasi 10 mfululizo ni njia 1,024. Almasi 20 ni 1,048,576, wakati nodi zenyewe ni 61 tu.

`UNION`, inayoondoa marudio, ikiwa na kitambulisho cha nodi peke yake inakomesha hilo. Ukiongeza safuwima ya umbali bila kikomo, kwenye mzunguko haiishi. Kifungu cha `CYCLE` cha PostgreSQL 14 kinazuia mzunguko ndani ya njia moja, hakizuii almasi. Iliyo salama ni kupita ngazi kwa ngazi kwenye programu, na seti ya zilizokwisha kutembelewa, hoja moja kwa kila ngazi.

Mengine kwa jibu la seva: rudisha hatua 2 kila upande mwanzoni, na kila nodi ya ukingoni ije na idadi ya zilizofichwa juu na chini yake, ili kitufe kisome "+37" na si "+" tupu. Mtu akiona +3 anafungua, akiona +612 anachuja kwanza. dbt ina uandishi unaofaa kuigwa kwenye kisanduku cha kutafutia: `2+oda+1`, yaani hatua mbili juu, moja chini.

#29 RamaniKichwani

Nakazia "+37", ila angalieni kinachotokea akibofya. Zana nyingi zinapanga upya grafu yote, kila kitu kinaruka, na mtu haoni tena alipokuwa. Misue, Eades, Lai na Sugiyama waliandika 1995 kuhusu kuitunza picha ambayo mtazamaji ameshaijenga kichwani. Kwa vitendo: nodi iliyobofywa ibaki pikseli ile ile ya skrini (pata tofauti ya nafasi kabla na baada, isogeze kamera kwa kiasi hicho), mpangilio wa juu kwa chini wa waliokuwepo usibadilike (ELK ina `considerModelOrder`), na zinazosogea zisogee kwa milisekunde 200 hadi 300. Wapya watokee mwisho.

Na mshale wa pikseli 1.5 hauwezi kubofyeka. Weka mstari mwingine juu yake usioonekana, unene 12, ndio upokee kipanya.

#30 BintiSafuwima

Majina pia. `prod.mauzo.fact_oda_kila_siku_v2` ikikatwa mwishoni, visanduku vitano vinasomeka sawa. Kata katikati, na `prod.mauzo` ihamie kwenye kichwa cha kundi. Ndiyo maana kushoto-kulia inashinda juu-chini: majina ni marefu, ndugu wakipangwa wima kila mmoja anakula pikseli 40, wakipangwa mlalo anakula 220.

#31 KibodiPekee

Rangi: nyekundu na kijani kwa kazi iliyoshindwa na iliyofaulu zinawapotea karibu asilimia 8 ya wanaume wenye asili ya Ulaya ya kaskazini. Weka umbo pia. Mistari na kingo zinazobeba maana ziwe na utofauti wa 3:1 na mandharinyuma, maandishi 4.5:1, kama WCAG, mwongozo wa ufikivu wa wavuti, inavyotaka. Ule ufifishaji wa asilimia 15 wa Makutano unashindwa hapo, kwa hiyo usiwe na taarifa ambayo mtu anaihitaji.

Kibodi: mshale wa kushoto kwenda mkondo wa juu, wa kulia mkondo wa chini, juu na chini kati ya ndugu. Kwa anayetumia kisoma skrini, orodha ya OrodhaTu ndiyo kiolesura chenyewe.

#32 OrodhaTu

Ahsante. Nimesubiri mtu aseme.

#33 MfuatiliaMkondo

Nimesoma yote. Bado naona mpangilio ndio mlango, mtu akikimbia kwa kuona utando hafiki kwenye alama za ShimoLaData. Lakini tuseme timu ina nafasi ya kutengeneza jambo moja tu kwanza. Lipi?

#34 ShimoLaData

Alama za ncha. Siku chache za kazi.

#35 BintiSafuwima

Kufuata safuwima moja.

#36 SevaNyuma

Hatua 2 na idadi ya zilizofichwa. Bila hiyo hakuna kitakachofunguka chini ya sekunde 10, na Jakob Nielsen, mtaalamu wa urahisi wa matumizi ya violesura, aliandika tangu 1993 kuwa hapo ndipo umakini wa mtu unapokatika.

#37 NodiMwanana

Nje kidogo ya mada: mkaguzi akitaka picha ya kuweka kwenye faili, mnampa nini? Kupiga picha ya skrini kunakata ncha.

#38 Saa_ya_Mshale

Toa SVG ya grafu yote iliyochujwa, si ya eneo linaloonekana. Ndani ya picha yenyewe, pembeni, yaandikwe: nodi ya kuanzia, idadi ya hatua, vichungi vilivyowashwa, saa ya grafu pamoja na ukanda wake wa saa, na idadi ya kauli ambazo hazikusomeka. Ambatanisha na faili ya JSON ya nodi na mishale ile ile, kwa sababu picha haiwezi kulinganishwa na ya mwaka ujao ila JSON inaweza.

#39 MsomaHoja

Na maandishi ya kila hoja kama yalivyokuwa siku hiyo. Mshale unasema A inalisha B, mkaguzi atauliza kwa kanuni gani.

#40 NodiMwanana

Hoja zenyewe zikiwa na thamani za wateja ndani ya `WHERE`?

#41 MsomaHoja

Zibadilishe na alama ya kuuliza kabla ya kuhifadhi, si wakati wa kuonyesha. Kichanganuzi chochote kinachotoa mti wa sintaksia kinakuonyesha thamani ziko wapi. Utapoteza ile `'imelipwa'` ya post #7, kwa hiyo kwa safuwima za hali na aina tengeneza orodha ya zinazoruhusiwa kubaki.